Inawaka ila haileti picha: kompyuta iliyoongezewa vifaa inapogoma kuonyesha

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani mwetu zilianza kazi ofisini. Ni zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika miaka kadhaa nchi za nje, zikaondolewa kwa mkupuo, kisha zikaingia kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue zikiwa bado imara. Bei yake inavumilika, ndani zina nafasi ya kuongeza vitu, na mwenye nayo akishaizoea hutamani ifanye zaidi: gemu zicheze bila kukwama, video za harusi zihaririwe bila kusubiri usiku kucha. Ananunua kadi ya grafiki (kifaa cha kutengeneza picha), au RAM (kumbukumbu ya kazi), au prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye nguvu zaidi. Anafungua, anachomeka, anafunga, anabonyeza swichi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, na monita inaandika "No Signal" halafu inalala.

Hapo ndipo pesa za watu huteketea. Mmoja anaambiwa mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imeungua, mwingine ananunua monita asiyoihitaji, wa tatu anarudisha kadi nzima dukani na kuishia kubishana na muuzaji. Naandika haya kwa sababu mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Kuna kitu kimechomekwa pasipo pake, au hakipati umeme wa kutosha, au hakielewani na mwenzake, na kukigundua kunataka utaratibu kuliko vifaa vya ufundi.

Picha hupita mikono mingi kabla ya kufika machoni pako. Umeme unatoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, kwenda kwenye mazabodi. Prosesa inaamka, RAM inakaguliwa. BIOS, ile programu iliyomo ndani ya mazabodi yenyewe, inaitafuta kadi ya grafiki na kuipa kazi. Windows inapakiwa na kuleta draiva, yaani programu yake ya kuiendesha kadi. Kisha picha inatoka kwenye tundu, inapita kwenye kebo, pengine na adapta, ndipo inaingia kwenye monita. Ikikatika popote katika safari hiyo, jicho linaona kitu kilekile: weusi. Ndiyo maana swali la "nini kimeharibika?" likiulizwa mapema huzaa majibu ya kubahatisha. Anza na kujua picha inakatikia wapi. Je, haionekani kabisa, hata nembo ya Dell au HP? Au nembo inaonekana, ila Windows ikianza kupakia giza linaingia? Au Windows inafunguka vizuri na picha inapotea baada ya kuweka draiva au kuanzisha gemu? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

Monita inasema nini?

Kabla ya kugusa bisibisi, soma maneno ya monita. "No Signal" maana yake monita ni nzima na inasubiri, ila kwenye tundu inalolisikiliza hakuna kinachokuja. Monita yenye matundu ya VGA, HDMI na DisplayPort inaweza kuwa inasikiliza VGA wakati wewe umechomeka HDMI. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo na upitie vyote, usiiamini ijichagulie. "Out of Range" au "Input Not Supported" ni habari njema hata kama inaudhi: picha inafika, kompyuta inafanya kazi, ila inatumwa kwa kipimo au kasi ambayo monita haiwezi. Tatizo hilo ni la mipangilio, na tutalifikia.

Kama monita haisemi chochote, ondoa kebo ya picha na uiache na umeme peke yake. Monita nzima italalamika kwamba haina kebo. Isipolalamika, chunguza umeme wake kwanza. Na kuna hali moja inayowapoteza wengi: monita ya zamani ambayo taa ya nyuma ya kioo imekufa. Mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande, karibu kabisa. Ukiona kwa mbali alama za Windows au kishale cha mausi, kompyuta haina kosa lolote.

Kebo iko kwenye tundu la nani?

Geuza kompyuta uangalie nyuma. Baada ya kufunga kadi ya grafiki utakuta matundu ya picha sehemu mbili: yale ya mazabodi, yaliyo pamoja na matundu ya USB na ya intaneti, na yale ya kadi mpya, yaliyopangwa kwenye bati la peke yake. Kompyuta nyingi za ofisini zikishaigundua kadi huyazima matundu ya mazabodi. Mwenye kompyuta kwa mazoea anarudisha kebo pale ilipokuwa siku zote, na anapata giza. Ihamishie kwenye kadi. Hakuna kosa linalotokea mara nyingi kuliko hili.

Upande wa pili wa jambo hili unatokea unapobadilisha prosesa. Matundu ya mazabodi hayana picha yao wenyewe. Picha inatengenezwa na sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Prosesa ikiwa haina sehemu hiyo, matundu yale ni mapambo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, i5-10400F na i5-12400F, haziitoi picha bila kadi. Kwa AMD, Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600 hazina grafiki, wakati zenye herufi G kama 5600G zinayo. Ryzen za mfululizo wa 7000 zilirudisha grafiki ndogo kwa nyingi, ingawa 7500F haina.

Kwa kompyuta zetu za mtumba mtego mkubwa zaidi ni Xeon, prosesa za Intel za seva na kompyuta za kazi nzito. Mafundi wengi hushauri, na kwa haki, kwamba badala ya i7 ya gharama uchukue Xeon E3 ya kizazi hichohicho, kwa kuwa nguvu ni ileile na bei ni ndogo. Ushauri ni mzuri hadi unapoweka E3-1230 au E3-1270 kwenye kompyuta isiyo na kadi. Hizo hazina grafiki. E3-1245 na E3-1275 zinayo. Tofauti ya tarakimu moja ya mwisho inaamua kama utaona kitu au hutaona, na mazabodi haitakueleza kwa lugha ya binadamu.

Prosesa kuingia kwenye soketi pia haitoshi. OptiPlex 790 na OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 (jina hilo Dell imelirudia kwa kompyuta mpya kabisa, kwa hiyo angalia mwaka) zote zina soketi LGA 1155. Lakini i7-3770, ambayo ni ya kizazi cha tatu, itaamka kwenye 7010 na itagoma kwenye 790, kwa sababu 790 ilitengenezwa kwa ajili ya kizazi cha pili tu. LGA 1151 ndiyo yenye kupotosha kuliko zote: prosesa za kizazi cha 6 na 7 na zile za kizazi cha 8 na 9 zinaingia kwenye soketi yenye jina moja, ila mazabodi zake ni tofauti na hazibadilishani. Kwa upande wa AMD, mazabodi ya B450 ya zamani inahitaji BIOS isasishwe kabla ya kupokea Ryzen 5000, na isasishwe wakati prosesa ya zamani bado imo.

Monita ya VGA na kadi isiyoijua

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa monita nyingi zinazouzwa pamoja na kompyuta hizi zina tundu la bluu la VGA, wakati mwingine hilo peke yake. VGA ilitoka mwaka 1987 na inapitisha picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI, DisplayPort na DVI-D zinapitisha tarakimu. Kadi za NVIDIA kuanzia mfululizo wa GTX 10, uliotoka 2016, hazina tena njia ya kutoa mawimbi ya VGA. Kwa hiyo adapta ya DVI kwenda VGA, ile ndogo nyeupe au nyeusi isiyo na kitu ndani zaidi ya nyaya, haiwezi kufanya kazi. Angalia tundu la DVI la kadi: DVI-I lina vijitundu vinne vya ziada kuzunguka ule mpasuo bapa, na hivyo ndivyo vinavyobeba VGA. DVI-D lina mpasuo peke yake. Watu hukata pini nne za adapta ili iingie kwenye DVI-D. Itaingia kweli, na skrini itabaki nyeusi, maana pini zilizokatwa ndizo zilizokuwa njia.

Unachohitaji ni adapta yenye saketi ya kubadilisha tarakimu kuwa mawimbi. Za HDMI kwenda VGA zipo kila duka na si ghali, lakini zina mwelekeo mmoja. Adapta ya HDMI kwenda VGA haiwezi kugeuzwa ikawa ya VGA kwenda HDMI, hata kama vichwa vyake vinaingia. Hizo ni bidhaa mbili tofauti zinazofanana kwa macho. Hali ni hiyohiyo kwa kebo rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI: inafanya kazi kompyuta ikiwa upande wa DisplayPort na televisheni upande wa HDMI, na haifanyi kazi kinyume chake. Dukani, usiseme "nataka ya HDMI na VGA". Sema kadi ina nini na monita ina nini, kwa mpangilio huo.

Kebo za DisplayPort zina kisa chao. Mwaka 2018 NVIDIA ilitoa zana ya kusasisha programu ya ndani ya kadi, kwa sababu baadhi ya kadi zake za vizazi vya Maxwell na Pascal, ambamo zimo GTX 900 na GTX 1000, zikiunganishwa na monita ya DisplayPort 1.3 au 1.4 ziliacha skrini nyeusi hadi Windows ipakiwe, au kompyuta ilikwama kabisa. Kama nembo huioni lakini Windows inatokea baadaye, na unatumia DisplayPort, jaribu HDMI au DVI. Picha ikirudi, umeshapata jibu.

Hata nembo haionekani

Tuseme kebo ni sahihi, monita ni nzima, na bado hakuna kitu tangu mwanzo. Sasa ndipo unafungua. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe, na gusa bati tupu la kasha kabla ya kushika chochote.

Kompyuta iliyoshindwa kuonyesha hujaribu kusema kwa njia nyingine. Dell hupepesa taa ya swichi kwa hesabu: mara kadhaa, kituo, mara kadhaa tena. HP hupepesa taa nyekundu na kulia, kama ina kispika ndani. Kwenye HP Compaq za zamani milio 5 ni RAM, milio 6 ni kadi ya grafiki. Hesabu hizi hutofautiana kati ya toleo na toleo, kwa hiyo zirekodi kwa video ya simu, kisha tafuta mwongozo wa toleo lako hasa. Mazabodi mpya zaidi za kujiundia huwa na vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kile kinachobaki kimewaka ndicho kinachoonyesha hatua iliyokwama.

RAM ndiyo mshukiwa wa kwanza, hata kama ulichobadilisha ni kadi. Mkono ukipenyeza kadi kubwa, RAM iliyo jirani inasukumika kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha. Ichomoe, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, irudishe hadi vibano vyote vilie. Ukiwa na mbili, jaribu moja moja, kwenye kila nafasi.

Ukiwa umenunua RAM ya nyongeza, isome karatasi yake. DDR3 na DDR4 haziingiliani kwa umbo, hivyo hapo ni vigumu kukosea bila kutumia nguvu. Hatari iko kwenye RAM za seva, ambazo huuzwa kwa bei inayovutia sana. RAM ya DDR3 ya seva inaingia vizuri kabisa kwenye OptiPlex, vibano vinafunga, na kompyuta haiamki. Tofauti ni herufi moja kwenye karatasi: PC3-12800U ni ya kompyuta ya kawaida, PC3-12800R ni ya seva. Herufi R usiichukue kwa bei yoyote. Na kwa aliyejenga mpya ya AMD ya soketi AM5 yenye DDR5, subira ni sehemu ya ufundi: mara ya kwanza kuwasha, mazabodi huchukua dakika kadhaa kuipima RAM huku skrini ikiwa nyeusi. Anayezima na kuwasha kila baada ya sekunde thelathini anairudisha mwanzo kila mara.

Bado giza? Punguza. Toa kadi mpya, rudisha prosesa ya zamani kama uliibadilisha, acha RAM moja, ondoa diski na vyote vya USB isipokuwa kibodi. Kompyuta iliyokuwa ikionyesha jana ikirudishwa ilivyokuwa jana inapaswa kuonyesha. Ikionyesha, ongeza kitu kimoja, washa, angalia, ongeza kingine. Utaratibu huu unachosha, na ndio unaonyesha mkosaji bila kubahatisha. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kuiponya kompyuta asijue imeponywa na nini, na wiki ijayo atakuwa palepale.

Wati zinazokosekana

Mwenye kadi nzuri na pawa saplai dogo anaona mambo mawili: ama kompyuta haionyeshi tangu mwanzo, ama inaonyesha vizuri hadi gemu ianze, kisha skrini inazimika na feni za kadi zinapiga kelele kwa kasi ya juu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nafasi ndefu ya PCIe, inamochomekwa kadi, inampa mgeni wake wati 75, juu kabisa. Waya wa ziada wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GT 1030 inakula wati 30 tu. GTX 1050 Ti na GTX 1650 za kawaida zinakula 75, yaani mpaka mwisho wa uwezo wa nafasi ile, ndiyo maana zinapendwa kwa kompyuta za ofisini: nyingi hazihitaji waya wa ziada. RX 580 inakula 185 na haiwezi kuamka bila waya wa pini 8. Sasa weka upande wa pili: OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 lenye kasha refu lina pawa saplai ya wati 275, na lile kasha dogo lina 240, kwa ajili ya prosesa, diski na vyote. Kasha dogo linataka pia kadi fupi yenye bati fupi. Kadi ya kawaida haitaingia.

Wengi wakikosa waya wa pini 6 hununua adapta inayotoa umeme kwenye waya wa diski, ule bapa wa SATA. Tafadhali usiifanye. Kichwa cha SATA kimekusudiwa kubeba wati 54 kwenye njia yake ya volti 12, na kadi inaweza kuvuta 75 kupitia waya huo. Plastiki huyeyuka, na moto ukianza ndani ya kasha ukiwa umelala, skrini nyeusi itakuwa tatizo dogo.

Jibu sahihi ni kubadilisha pawa saplai, ila hapa tena kompyuta za ofisini zina tabia zao. OptiPlex 7010 ile inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24. OptiPlex 9020 iliyofuata inatumia cha pini 8 cha Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 inatumia cha pini 6 cha HP. Kuna adapta za kuunganisha, lakini ulizia kwa jina la kompyuta, usichukue kwa kukisia. Na ukishabadilisha, hakikisha waya wa prosesa, ule wa pini 4 au 8 unaochomekwa juu karibu na prosesa, haujasahaulika. Bila huo feni zitazunguka, na prosesa haitaamka.

BIOS na kadi zisizosikilizana

Kadi za zamani, hasa za kabla ya 2012, mara nyingi hazina programu ya ndani inayoelewana na mfumo wa kisasa wa kuwasha kompyuta, unaoitwa UEFI. Kadi kama hiyo ikiwekwa kwenye kompyuta iliyofungwa kwa mfumo huo pekee, hakuna nembo wala BIOS itakayoonekana. Toa kadi, tumia picha ya mazabodi, ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP), zima Secure Boot, na kwa Dell washa "Enable Legacy Option ROMs". Usibadilishe namna ya kuwasha Windows yenyewe kutoka UEFI kwenda Legacy, ule mfumo wa zamani. Windows iliyowekwa kwa UEFI haitapakia, na utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mafundi wengi wakikwama huchomoa betri ya duara, CR2032, ili kusafisha mipangilio yote. Inasaidia kweli, hasa baada ya kubadilisha RAM au prosesa. Kabla ya hapo, kama bado unaweza kuona BIOS, piga picha kila ukurasa wake kwa simu. Sababu ni hii: kati ya mipangilio inayofutika upo ule wa diski, SATA, ambao unaweza kuwa AHCI au RAID. Mpangilio huo ukirudi tofauti na ulivyokuwa Windows ilipowekwa, utapata picha, halafu utapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wapo waliofuta kila kitu na kuweka Windows upya wakidhani diski imekufa, wakapoteza picha za familia, kumbe ilikuwa ni kurudisha mpangilio mmoja. Vilevile, kama diski imefungwa kwa BitLocker, ambayo ni kufuli ya Windows, mabadiliko haya yataifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisha unao kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kuanza.

Windows inafunguka, kisha giza

Ukifika hapa, shusha pumzi. Mazabodi, RAM, kebo na monita vyote vimeshathibitika. Linalobaki ni draiva, umeme, au kadi yenyewe.

Bonyeza kwanza vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya grafiki inaanzishwa upya, utasikia mlio, na wakati mwingine picha inarudi palepale. Kisha Windows na P, kwa kuwa Windows inaweza kuwa inaituma picha kwenye skrini ya pili isiyokuwepo, hasa kama zamani ulikuwa ukitumia televisheni. Ikishindikana, ingia hali salama (Safe Mode): kata kuwaka kwa Windows mara mbili tatu mfululizo kwa kushikilia swichi, na yenyewe italeta ukurasa wa matengenezo, ambamo utapita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings. Ukiona picha vizuri kwenye hali salama, draiva ndiyo mkosaji. Iondoe kabisa, na programu ya Display Driver Uninstaller hufanya kazi hiyo kwa usafi hasa unapohama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume, kisha weka inayolingana na kadi yako.

Neno "inayolingana" lina uzito. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, kama matoleo mengi ya GT 710, ziliachwa na draiva mpya za NVIDIA tangu Oktoba 2021. Mfululizo wao wa mwisho ni 470. Ukipakua draiva ya juzi itakuambia haioni kadi, na Windows itabaki na draiva yake ya msingi yenye picha pana na maandishi makubwa. Kadi haina ubovu. Inahitaji draiva ya rika lake.

Halafu kuna kadi za bandia, na hili ningependa kila mnunuzi alijue. Zipo kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti ambazo ndani yake ni chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, zilizoandikiwa jina jipya katika programu yake ya ndani. Windows inasoma jina, inaleta draiva ya GTX 1050 Ti, na chipu isiyoielewa draiva hiyo inaanguka: skrini nyeusi, au ya bluu, au kadi inakataa. Mwenye kadi anahangaika na draiva wiki nzima bila mafanikio. Dalili iko nje, huhitaji hata kuiwasha. GTX 1050 Ti ya kweli haina tundu la VGA, kwa sababu ileile niliyoieleza juu. Ukiona kadi imeandikwa GTX 1050 Ti na ina tundu la bluu kwenye bati lake, irudishe mezani. Kama tayari iko kwenye kompyuta, programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z tangu 2018 huziandika nyingi za aina hii kwa neno FAKE mbele ya jina.

Picha ipo lakini haipendezi

Mistari, vidoti vya rangi, vipande vya picha vilivyochanika: piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe (screenshot), si kwa kamera, itume kwenye simu yako, ifungue huko. Ikiwa safi kwenye simu, kompyuta inatengeneza picha nzuri na uharibifu unatokea njiani, kwenye kebo, adapta au monita. Ikiwa imechafuka hata kwenye simu, kadi au draiva ndiyo inayoichafua. Vidoti vikionekana hata kwenye nembo, kabla ya Windows, kumbukumbu ya kadi inaelekea ukingoni, jambo la kawaida kwa kadi zilizofanya kazi usiku na mchana kwenye mashine za kuchimba sarafu za kidijitali.

Kwa wanaotumia televisheni, kingo zilizokatwa ni tabia ya televisheni yenyewe ya kukuza picha. Kwenye menyu yake tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au jina linalofanana. Na kwa lile neno "Out of Range" tuliloliacha njiani, ingia hali salama au chomeka monita nyingine kwa muda, shusha kasi hadi 60 Hz na kipimo hadi kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya nyuma ya monita, kisha rudisha.

Ukiwa umepita kote huko na bado kuna giza, mpelekee fundi kompyuta pamoja na kebo yako, adapta yako na vifaa vya zamani ulivyovitoa. Mweleze picha inakatikia hatua gani, taa ilipepesa mara ngapi, na ulichokwisha kukijaribu. Mwombe aifunge kadi yako kwenye kompyuta yake yenye pawa saplai kubwa, mbele yako, kabla hajasema neno lolote kuhusu mazabodi.